Alpujarra kwa miguu: mwongozo kamili wa kuifuata njia ya maji

Kusini kidogo mwa mji wa Granada, barabara kuu inavuka mgongo wa kilima unaoitwa Suspiro del Moro. Wenyeji husimulia kwamba hapo ndipo Boabdil, sultani wa mwisho wa Granada, alipogeuka kuutazama mji aliokuwa ameukabidhi mwaka 1492, akashusha pumzi. Kutoka hapo alielekea milimani, Alpujarra, alikopewa ardhi ya kuishi kabla hajavuka bahari kwenda Fez. Basi lako litapita hapohapo.

Alpujarra ni ubavu wa kusini wa Sierra Nevada, milima mirefu kuliko yote katika rasi ya Iberia. Ni makorongo marefu yanayoshuka kuelekea bahari ya Mediterania, na kwenye kingo zake vimeshikamana vijiji vyeupe, kila kimoja na chemchemi zake. Watu wengi huja huku na haraka ya kilele cha Mulhacén: wanapanda, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi nakushauri upange safari yako kwa kufuata maji. Anza chini kwenye mabomba na mifereji ya vijiji, panda siku hadi siku, umalizie juu kwenye theluji yanakotoka. Ukifanya hivyo mwili unapata nafasi ya kuzoea hewa nyepesi, nawe unaelewa kwa nini vijiji hivi vipo mahali vilipo. Tenga siku tano. Tatu zinatosha ukikiacha kilele, lakini usijaribu kuyabana yote katika siku moja ya kutoka na kurudi Granada.

Chagua msimu kwanza

Mwezi utakaokwenda ndio utakaoamua utaona nini. Mei na Juni mapema mifereji imejaa, maua yako kila mahali, ila kilele bado kinaweza kuwa na theluji. Julai na Agosti njia ya juu iko wazi, lakini mabondeni jua ni kali na inabidi uanze kutembea alfajiri. Septemba hadi katikati ya Oktoba ndio wakati ninaoupenda kuliko yote: hewa imepoa, tini na lozi zimekomaa, michestnati imeanza kugeuka rangi ya dhahabu, na vyumba havigombaniwi sana. Kuanzia Novemba hadi Aprili vijiji vinapendeza, moto unawaka mekoni, lakini Mulhacén huwa ni mlima wa barafu. Asiyejua kutumia shoka la barafu na vyuma vya kufunga chini ya viatu abaki kwenye njia za chini.

Viza na njia ya kufika

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Hispania ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Maombi yanaweza kupelekwa miezi sita kabla ya safari na yasicheleweshwe chini ya siku 15; usingoje dakika za mwisho, kwa sababu miadi hujaa. Bima ya safari lazima iwe ya kuanzia euro 30,000. Kwa safari hii soma maandishi madogo ya bima yenyewe uone kama inagharamia uokoaji mlimani, maana bima nyingi za kawaida huishia barabarani. Ndugu zetu wenye kibali cha kuishi Ujerumani, Uswidi, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen hawahitaji viza. Anayeishi Uingereza anaihitaji, hata kama kibali chake cha huko ni cha miaka mingi.

Uwanja wa ndege wenye safari nyingi ni Málaga. Kutoka hapo kuna mabasi hadi Granada, na kwenye kituo kikuu cha mabasi cha Granada unapanda basi la kampuni ya ALSA linalopita Lanjarón na Órgiva, kisha linapinda na kupanda kuelekea Pampaneira, Bubión, Capileira, Pitres, Pórtugos na Trevélez. Mabasi haya ni machache kwa siku, na Jumapili ratiba hubadilika. Kata tiketi mapema na uandike saa ya basi la kurudia mahali ambapo simu ikizima utapaona. Ukipenda kukodi gari, chukua barabara ya A-44, pinda kwenye njia ya kutokea kuelekea Lanjarón, kisha ufuate A-348 na A-4132. Kona ni nyingi na barabara nyembamba; anayepata kichefuchefu garini akae mbele.

Basi likisimama Lanjarón, tazama. Huu ni mji wa maji ya chupa na mabafu ya tiba, na usiku wa Mtakatifu Yohana, mwishoni mwa Juni, watu wazima na watoto hupita mitaani wakimwagiana maji kwa ndoo na mipira ya bomba usiku wa manane. Ukijikuta huko usiku huo, simu iweke ndani ya mfuko wa nailoni.

Siku ya kwanza: Pampaneira

Shuka Pampaneira, kwenye mita 1,060 hivi juu ya usawa wa bahari. Hiki ndicho cha chini katika vijiji vitatu vya korongo la Poqueira. Juu yake ni Bubión, na juu zaidi Capileira, kwenye mita 1,436. Weka mzigo, kisha nenda kwenye ofisi ya habari ya hifadhi iliyoko kwenye uwanja wa kijiji. Sierra Nevada ni hifadhi ya taifa tangu 1999. Ofisini waulize mambo matatu: hali ya njia, kama basi dogo la kupanda mlimani kutoka Capileira linafanya kazi, na theluji imefika wapi.

Kisha tembea polepole kijijini. Kuna mtaa ambao maji yanakimbia katikati yake, ndani ya mfereji mwembamba wa mawe upana wa viganja viwili, na watoto hushindanisha majani humo. Inua macho uone mapaa. Hayana vigae wala mgongo, ni bapa. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe atayatambua mara moja, kwani ujenzi ni wa jamaa moja: kuta nene za mawe, juu yake boriti, hapa za mchestnati badala ya mkoko, kisha vibamba vya mawe, kisha udongo. Udongo wenyewe unaitwa launa, ni wa kijivu unaoelekea bluu, na ukishinikizwa hauruhusu maji kupita. Mabomba ya moshi ni ya mviringo, yamepakwa chokaa na kuvishwa bamba la jiwe kama kofia. Nyumba mbili zinapoungana juu ya mtaa hutokea kichochoro chenye dari kinachoitwa tinao, na wazee hukaa humo jua linapokuwa kali, kama sisi barazani.

Sikiliza lugha pia. Zaituni hapa ni aceituna, zafarani ni azafrán, sukari ni azúcar, birika la maji ni alberca. Fulani anaitwa fulano, na neno hasta, linalomaanisha mpaka, ni hata yetu sisi. Maneno haya yote yaliingia kwao na kwetu kupitia Kiarabu, na ukiyasikia kutoka kwa mama muuza lozi, ugeni unapungua.

Siku ya pili: kupanda Capileira kwa kando ya mifereji

Amka mapema. Kutoka Pampaneira hadi Capileira kuna njia ya miguu inayopita Bubión, na unapanda kama mita 380. Kwa mwendo wa kawaida ni saa moja na nusu hadi mbili. Alama ziko kwenye mawe na nguzo: nyeupe na nyekundu ni njia ndefu, nyeupe na manjano ni njia fupi za eneo. Mistari miwili sambamba inakuambia endelea. Alama ya msalaba inakuambia umepotea, rudi.

Njia hii inakutana na acequia, mifereji ya kumwagilia, na hapa nakuomba usimame. Jina ni la Kiarabu na kazi ni ya Waislamu wa enzi za kati. Theluji ya Sierra Nevada huyeyuka kwa fujo ndani ya wiki chache za majira ya kuchipua, wakati mashamba hayana kiu sana. Maji hayo yakiachwa yangeshuka baharini, na Agosti bonde lingekauka. Watu wa hapa walichimba mifereji ya juu inayokwenda kwa ulalo mlimani, karibu bila mteremko, hadi mahali ambapo ardhi huyanywa maji. Huko wanayaachia maji yapotee ndani ya mlima. Yanasafiri chini kwa chini, taratibu, na wiki au miezi baadaye yanatokea kwenye chemchemi za vijijini, kiangazi, yanapohitajika hasa. Kazi hiyo inaitwa careo. Mlima wenyewe ndio tangi.

Kila mfereji una msimamizi wake, acequiero, anayefungua na kufunga milango ya maji kwa zamu. Mara nyingi mlango ni bamba la jiwe, bonge la nyasi na udongo. Ukimwaga nyasi hizo kwa kukanyaga, shamba la mtu linakosa zamu yake. Kwa hiyo ruka mfereji, usitembee juu ya ukingo wake uliolowa, na usisogeze jiwe lolote. Katika miaka ya karibuni Chuo Kikuu cha Granada kimekuwa kikiongoza watu wa kujitolea kufukua mifereji iliyokuwa imeachwa.

Ujuzi huu nusura upotee. Waislamu waliolazimishwa kubatizwa, Wamorisko, waliasi huku Alpujarra mwaka 1568, na vita vikaisha 1571 kwa wao kushindwa na kuhamishwa kwa nguvu. Walowezi waliletwa kutoka kaskazini mwa Hispania, watu wasiojua mifereji wala miforosadi ya kufugia nondo wa hariri. Inasimuliwa kwamba kila kijiji kilibakiziwa familia mbili za Wamorisko ili ziwafundishe. Nikiiweka mikono ndani ya maji haya baridi, familia hizo ndizo ninazozifikiria. Walibakizwa kwa sababu ya elimu yao, wakati majirani zao wote wanaondoka.

Ukifika Capileira pumzika, kula, kisha kama miguu ina nguvu endelea juu ya korongo hadi La Cebadilla, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kituo cha umeme wa maji, ambacho sasa ni kitupu. Kwenda na kurudi ni saa tatu hivi, ukiwa na kilele cha Veleta na theluji zake mbele ya macho. Lala Capileira.

Siku ya tatu: La Taha na maji mekundu

Rudi Bubión uishike njia ndefu ya GR-7 kuelekea Pitres. Inapanda msituni, inavuka mgongo wa mlima, na kwa saa mbili hivi unakuwa upande wa pili, kwenye La Taha. Jina hili litakugusa: linatokana na neno la Kiarabu la utii, lile lililotupa sisi kutii. Taha zilikuwa wilaya za utawala wakati wa masultani wa Granada. Leo limebaki kundi la vijiji saba vidogo kabisa: Pitres, Capilerilla, Mecina, Mecinilla, Fondales, Ferreirola na Atalbéitar. Shuka kutoka Pitres hadi Mecina na Fondales, kisha Ferreirola, ambako kuna chemchemi ya maji yenye gesi ya asili. Baadhi ya vijiji hivi havina duka, hivyo beba chakula.

Jioni panda hadi Pórtugos. Nje kidogo ya kijiji, kando ya barabara ya Trevélez, kuna Fuente Agria, chemchemi chachu. Maji yanatoka kwenye mabomba matano ukutani, yenye chuma kingi na gesi kidogo, na kila yanapogusa jiwe pamegeuka rangi ya kutu. Yanywe hapohapo. Ulimi unahisi kama umelamba msumari, kisha baridi inashuka kifuani. Wenyeji husema kila bomba lina ladha yake, na utawaona wakijaza madumu. Ukishuka ngazi ng'ambo ya barabara unakuta maporomoko madogo, El Chorreón, ambako mwamba mzima ni mwekundu na manjano. Ngazi zina utelezi.

Kuhusu kunywa maji kwa ujumla, chemchemi za vijijini ni salama kwa kawaida. Kibao cha agua no potable maana yake usinywe. Agua no tratada maana yake hayajatiwa dawa, basi amua mwenyewe. Maji ya kijito yaliyopita malishoni yachemshe au yachuje.

Chakula, na la kufanya kama huli nguruwe

Sahani maarufu huitwa plato alpujarreño: viazi vilivyopikwa polepole kwa mafuta ya zaituni na pilipili hoho, yai, na juu yake nyama za nguruwe za aina tatu au nne. Asiyekula nguruwe aagize viazi hivyo pamoja na mayai, papas a lo pobre con huevos, na aseme waziwazi sin cerdo, sin jamón, sin chorizo, yaani bila nguruwe, bila paja lake lililokaushwa wala soseji yake. Usiseme tu kwamba huli nyama, maana wapishi wengi huku hawaihesabu jamón kuwa nyama, na utaikuta imekatwakatwa ndani ya supu. Samaki wa mtoni, jibini la mbuzi, saladi ya machungwa, tini na lozi havina shida. Nyama ya mwanambuzi ni tamu, lakini usitarajie kwamba imechinjwa kwa sheria ya Kiislamu. Órgiva ina jumuiya ya Waislamu, na Granada una msikiti mkubwa mtaa wa Albaicín uliofunguliwa 2003. Nunua mahitaji yako huko kabla ya kupanda.

Saa za kula ni zao. Mchana ni kuanzia saa nane, usiku ni saa tatu, na katikati ya hapo majiko ya migahawa hufungwa. Msafiri anayefika saa kumi jioni akitegemea wali atakunywa kahawa.

Siku ya nne: Trevélez

Nenda kwa basi kutoka Pórtugos, au kwa miguu kwa GR-7 kupitia Busquístar ukiwa na nusu siku. Trevélez uko mita 1,476, mmoja wa miji ya juu kabisa Hispania, na una mitaa mitatu iliyopandana: wa chini, wa kati na wa juu. Mtaa wa chini ni wa maduka ya mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa kwa chumvi na hewa baridi ya mlima. Upite, upande mtaa wa juu, ambako bado kuna farasi mlangoni na maji mitaani.

Hapa unachagua. Mwenye pumzi na siku ya ziada anaweza kulala hapa, atoke alfajiri kwenda Siete Lagunas, bonde la maziwa madogo karibu na mita 2,900, chini kabisa ya Mulhacén. Ni kupanda mita 1,400 na kushuka zilezile, siku nzima yenye jasho, na huko juu ni rahisi kuwaona mbuzi mwitu wa pembe zilizopinda wakikutazama kutoka kwenye majabali. Anayetaka kuzitunza nguvu zake atembee kandokando ya mto Trevélez kwa saa mbili kisha arudi. Vyovyote vile, geti la mifugo ulilolikuta limefungwa lifunge nyuma yako. Moto ni marufuku, na kupiga kambi kuna masharti ambayo ofisi ya hifadhi itakueleza. Rudi Capileira kwa ajili ya kesho.

Siku ya tano: Mulhacén

Kilele kina mita 3,479 na kimechukua jina la Muley Hacén, babake Boabdil, ambaye hadithi inasema alizikwa huko juu. Kwa anayeijua Kilimanjaro, ni chini ya kambi ya Horombo yenye mita 3,720. Hilo lisikupumbaze: kichwa huuma kwa watu wengi kuanzia mita 2,500, na hapa hakuna mpagazi wala kambi njiani.

Majira ya joto, theluji ikishaondoka, basi dogo la hifadhi hupanda kutoka Capileira hadi Alto del Chorrillo, kwenye mita 2,700 hivi. Weka nafasi siku kadhaa kabla, na chagua basi la kwanza la asubuhi. Kutoka kituoni unapanda kwa miguu karibu mita 780 kwenye mgongo mpana wa mawe. Hesabu saa tatu kupanda na mbili kushuka. Njia haihitaji kushika mwamba kwa mikono. Ugumu wake ni upepo na urefu. Ukitaka kuigawa safari, kuna kibanda cha Refugio Poqueira, kwenye mita 2,500, chenye vitanda na chakula, kwa kuweka nafasi.

Beba maji lita mbili, kwa kuwa mgongo huo hauna chemchemi. Beba sweta nene na koti la kuzuia upepo hata Agosti, kofia, mafuta ya jua, ramani iliyopakuliwa kwenye simu, tochi ya kichwani na chakula cha ziada. Usiku uliotangulia soma utabiri wa milima wa idara ya hali ya hewa, AEMET. Ukisikia radi au ukaona mawingu yanajijenga mchana, shuka bila kubishana na nafsi yako. Mtu akitapika, akiyumba au akianza kuongea ovyo, mteremshe papo hapo. Namba ya dharura ni 112, na waokoaji wa mlimani ni kikosi cha Guardia Civil. Ubavu wa magharibi kukiwa na theluji iliyoganda usiuguse. Mtu akiteleza hapo hapati pa kujishikia.

Juu kuna kuta za mawe zilizobomoka. Mwaka 1879 wapimaji wa Hispania na Ufaransa waliiunganisha Ulaya na Afrika kwa pembetatu za vipimo, wakirushiana mwanga kati ya vilele vya huku na vya Algeria, na Mulhacén kilikuwa kimojawapo. Kila Agosti 5 watu wa Trevélez hupanda hapa na sanamu ya Bikira wa Theluji. Usisogee ukingo wa kaskazini, umekatika wima kwa mamia ya mita. Geuka kusini. Asubuhi yenye hewa safi, ng'ambo ya bahari unaonekana mstari wa milima ya rangi ya moshi. Ni Moroko, Afrika. Kaa nyuma ya ukuta upepo usikupige, kula tini zako, kisha angalia saa, kwa sababu basi la kushuka halimngoji mtu.